Hilaire Lifoko, Sonara Aliyetengeneza Kafi la Kamanda

Tarehe 14 Oktoba 2001, kwenye gati la Lubunga, Papa Hilaire Lifoko alimkabidhi Kamanda Landry, mkuu wa askari walioushika mtaa huo, kafi lililotengenezwa kwa madini ya fedha, lenye maneno "Kwa mlinzi wa Lubunga". Picha ya siku hiyo iko nyuma ya programu mliyoshika. Kafi lenyewe liko juu ya jeneza. Kamanda amelileta mwenyewe, kama heshima kwa rafiki, naye ameketi safu ya mbele.

Papa Hilaire alizaliwa Isangi tarehe 9 Mei 1948, mtoto wa tatu wa mvuvi Emile Lifoko. Alisoma huko huko shule ya msingi na miaka miwili ya sekondari, mpaka baba yake alipofariki. Mwaka 1966 alikuja Kisangani akajifunza usonara kwa mzee Assumani, mtu wa Maniema. Mwaka 1974 alifungua karakana yake Lubunga. Hakutengeneza pete ya ndoa bila kuwaona wachumba wote wawili. "Nipeni mikono," aliwaambia. "Maneno mutabakisha kwa padiri."

Mwaka 1975 alifunga ndoa na Mama Berthe, wakapata Sylvain, Nathalie na Bavon. Sylvain alipomwoa Claudine mwaka 1999, baba yake alichora majina yao ndani ya pete, kisha akamtuma mwanawe apige kafi hadi ng'ambo ya mto na kurudi, aone kama pete itamwumiza. Sylvain alirudi akicheka. "Papa, haiumi. Bibi ndiye ataniumiza." Mkewe Claudine alikuwa amesimama hapo hapo.

Agosti 2001 askari wa Landry walimkamata Sylvain akishuka mtumbwini. Hakuonekana tena. Mama Berthe alipokwenda kambini kuuliza, Landry alimjibu mbele ya watu wake: "Mimi sijamuona. Mama, kijana yako alikimbia bibi yake. Wende umuulize bibi." Askari walicheka. Maneno hayo yalizunguka mtaani, na Claudine ameishi nayo mpaka leo.

Mwezi uliofuata wakubwa wa mtaa waliagizwa wamshukuru Kamanda kwa zawadi. Askari mmoja alileta karakanani mfuko wa vijiko, misalaba na pete za fedha, vyote vimechukuliwa majumbani, ili vitengenezwe kafi. Ndani yake Papa Hilaire aliikuta pete ya Sylvain.

"Hii ilitoka wapi?"

"Kwa mutu mwenye hana tena kazi nayo," askari alisema. "Yeyusha, papa."

Aliyeyusha vingine vyote. Pete aliiunganisha nzima kwenye ncha ya mpini. Siku ya sherehe Landry aliigusa kwa kidole.

"Na hii ni ya nini?"

"Ya kutundika ku ukuta, Komanda."

"Ah, papa, uliwaza mingi!" Akaliinua kafi juu, na umati ukapiga makofi kwa amri.

Tangu hapo, kila mwaka, Landry alilirudisha lisafishwe. Mama Berthe alimwuliza mumewe kwa nini anakubali. "Nikikataa atapeleka kwa sonara mwingine, ule ataona majina. Ngoja. Siku ya kunizika atakuja nalo. Ule mutu anapenda kuonekana."

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Alifariki hospitalini, Jumapili tarehe 2 Februari 2025. Asubuhi hiyo alimwuliza Nathalie jambo moja tu: kama Kamanda atapewa taarifa. Alipewa, wa kwanza.

Ameacha mjane, Mama Berthe. Watoto wawili, Nathalie na Bavon. Mkwe wake Claudine, ambaye hakuolewa tena. Na wajukuu saba. Papa Hilaire amemaliza kazi yake, na apumzike. Sylvain bado hana kaburi.

Kafi halitarudi ukutani. Jumatatu familia italipeleka kwa mwendesha mashtaka wa jeshi. Sasa hivi, kabla jeneza halijashushwa, Claudine atasogea mbele na kuisoma pete kwa sauti.