Simu Iliyoota Kwenye Kompyuta

"Neno la kwanza liwe lipi?"

Swali hilo liliulizwa kwenye benchi la kahawa, mvua ikinyunya kana kwamba inaogopa kumwamsha mtu, baada ya ubishi mrefu. Wakili, binti wa chuo aliyebandikwa jina hilo kwa kutoshindwa mdahalo, alikuwa amepakata kompyuta, uso ameukunja. Baba yake alipigwa na kiharusi, ulimi ukalala. Binti akaapa kumtengenezea programu ya simu: mzee abonyeze picha, simu iseme. Lakini kifurushi cha kutengenezea programu hizo kiligoma kwenye kompyuta.

— Inasema hakipo, na nimekiweka mwenyewe. Huu ni uonevu.

— Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akasema Kinyozi, aliyeketi kando yake. Umekilaza tu humo, hujakipa kazi.

— Jembe gani tena, kaka?

— Usimsikilize, akadakia Profesa, fundi saa ambaye shule aliichungulia dirishani. Kompyuta ni ya kukaa, simu ni ya kutembea. Kikaacho hakizai kitembeacho.

— Mbona wenzangu wanaiona simu humo humo ndani?

— Hiyo kompyuta inaiota. Sasa wewe unaigombeza, usingizi utaijia wapi? Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Niiinamie?

— Uibembeleze.

— Simu zote zilizowahi kupotea zimelala humo, akanong'ona Kinyozi. Zinangoja kuitwa.

Mvuke wa kahawa ukapita mbele ya kioo. Wakili alipumua, akaacha kubishana. Akaiandikia kompyuta, herufi kwa herufi, njia ya kufika kifurushi kilipolala, akaizima, akaiwasha. Polepole, katikati ya kioo, ikachomoza simu ndogo nyeupe kama mwezi, na kitufe kimoja kitupu, kisicho bado na picha wala neno.

Vikombe vikashushwa. Mama mmoja mgeni, aliyejibanza hapo kukwepa mvua, aliinama akakitazama kile kitufe. Ndipo alipouliza lile swali: neno la kwanza liwe lipi?

Profesa akageukia kahawa yake. Kinyozi akajikuna kidevu. Wakili akaondoa vidole kwenye kompyuta. Tangu ugonjwa uingie alikuwa akimsemea baba: kwa daktari, kwa majirani, hata kwa mama. Kumuuliza mwenyewe, hakuwahi hata siku moja.

Mvua ilipokatika alikwenda nyumbani, akaketi miguuni pa mzee, akamwekea kompyuta mapajani.

— Baba, picha ni hizi. Chagua wewe ya kwanza.