Futi Tatu kwa Kila Mbogo

Bwana Mwenyekiti wa Ushirika wetu wa Maziwa, Mzee Chenge, Bwana Mifugo, uliyetoka Misungwi tangu alfajiri, Mwalimu Mkuu na Mwalimu Odeta, wanachama, wazazi na wageni wote mliofika hapa Ilemela, wanafunzi wenzangu, na wewe Mzee Ngosha, mchungaji wetu, ambaye leo tunakuaga: shikamooni.

Jina langu ni Mwanabaraka Seif, wa darasa la nane. Nimechaguliwa kumshukuru Mzee Ngosha kwa niaba ya shule, kwa kuwa mimi ndiye niliyeandika ripoti ya darasa juu ya banda lake. Hotuba yangu ilikaguliwa juzi na kupitishwa. Ninayo hapa, lakini naomba radhi kwa walimu wangu, sitaisoma.

Kadi ya mwaliko inasema Mzee Ngosha amechoka na anastahili kupumzika. Mtu aliyechoka huomba mwenyewe, na yeye hakuomba. Anaondoka kwa sababu wale nyati wa maziwa tuliowapata kwa tajiri wa Kihindi, ambao sisi tunawaita mbogo ingawa hawajawahi kumkimbiza mtu, hawazai. Walipokuwa wanane bandani, walizaa ndama sita kwa mwaka. Sasa wamo kumi na wanne, na mwaka huu wamezaa mmoja. Maziwa yamepungua, viwele vinavimba, kwato zinaoza, na watu wanauliza: mchungaji anafanya nini?

Jibu la swali hilo niliandika mimi. Niliandika hivi: "Mbogo hawashiki mimba kwa sababu mchungaji ni mzembe, haangalii siku wanapotaka dume." Sentensi hiyo niliitoa kitabuni, kisha nikaongeza neno mzembe kwa sababu lilinipendeza. Kitabu chenyewe kilikuwa cha ng'ombe wa Ulaya. Mbogo hawamo hata kwenye picha. Mimi ni mtoto wa fundi cherehani wa mjini, na kabla ya mwaka huu sikuwahi kushika hata kamba ya mbuzi. Lakini mwandiko wangu ulisifiwa, nikazawadiwa kalamu ya wino, na ripoti ikapelekwa kwenye kamati. Je, kuna mjumbe aliyekwenda bandani kuhakikisha? Mimi mwenyewe nilikwenda mara mbili, na mara zote mbili niliishia mlangoni kwa ajili ya viatu vyangu.

Wengi mlikuwapo Mwenyekiti alipoisoma. Alimwuliza, "Mzee Ngosha, hawa mbogo umewafanya masista?" Tulicheka, nami nilicheka. Mzee akajibu taratibu, "Bwana Mwenyekiti, hata masista kila mmoja ana kitanda chake." Tukacheka tena, tukidhani anatania.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kumuaga, nikiona haya kumtazama usoni.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Umekuja kuandika tena?"

"Hapana, Babu. Nimekuja kukuaga."

"Basi ingia. Safari hii vua viatu."

Nikaingia. Joto la mabati lilinishika kichwani kabla sijafika katikati. Mbogo walikuwa wamefungwa mstari mmoja, ubavu kwa ubavu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amelala.

"Kwenu mnalala wangapi kitanda kimoja?" aliniuliza.

"Wanne, Babu."

"Na ukitaka kugeuka?"

"Lazima tugeuke wote."

"Nyinyi mnaambiana. Hawa hawajui kuambiana." Akamgusa mmoja mgongoni. "Huyu hajalala tangu jana. Asipolala hacheui vizuri, na asipocheua chakula hakimfai. Akipata upenyo wa kulala, analala juu ya mavi ya mwenzake, kiwele kinaugua. Na siku anapotaka dume, atageukia wapi mimi nimwone?"

Nilirudi mjini, nikachukua futi ya baba ya kupimia nguo, nikarejea mchana uleule. Ukuta wanapofungwa una urefu wa futi arobaini na mbili. Wanane walikuwa na futi tano na zaidi kila mmoja. Kumi na wanne wana futi tatu. Nikampima mbogo mmoja akiwa amesimama, Mzee akimshika pembe na kunicheka: tumbo lake peke yake ni futi mbili na nusu. Niambieni, ndugu zangu, huyo atajinyoosha wapi?

Ripoti yangu haikusema lolote juu ya mbogo wengine wanne. Mwezi wa tatu kwato zao zilioza, na Mzee Ngosha akawatoa nje, akawazungushia fito karibu na ziwa, penye kivuli na maji ya kujilaza. Dume ni lilelile. Majani ni yaleyale. Mchungaji ni yuleyule niliyemwita mzembe. Mzee anasema wote wanne wana mimba. Hatukujua, kwa sababu daftari letu lina mahali pa kuandika ndama aliyezaliwa, halina mahali pa kuandika mimba, na hakuna aliyemwuliza. Mara mbili aliomba miti ya kuwajengea na wengine uwanja huko nje. Mara zote mbili aliambiwa asubiri kwanza Uhuru upite.

Bwana Mwenyekiti, nasema hili kwa heshima. Bendera yetu mpya itapandishwa baada ya wiki tatu, na kamati imeamua kwamba Jumatatu wale wanne warudishwe ndani, ili wageni wa siku hiyo waone banda limejaa. Nawaelewa. Kwetu sote zizi lililojaa ni fahari, na usiku mifugo hubanwa katika boma la miiba ili fisi asipate pa kupenya. Lakini ng'ombe wa boma hufunguliwa asubuhi, wakashinda malishoni. Mbogo wetu hawafunguliwi. Wakiwa kumi na wanane, kila mmoja atabaki na futi mbili na inchi nne. Hawatatoshea hata kwa kusimama, na mimba hizo nne zitakuwa katikati ya msukumano huo. Je, wageni tutawaonyesha nini mwakani?

Sina hakika na kila kitu. Nilikuwa na hakika mwezi wa saba nilipoandika ripoti, na leo mnaona hakika yangu imemfikisha wapi mzee wa watu, aliyeamka saa kumi kila siku kwa miaka tisa na hajawahi kumpiga mbogo hata kwa fimbo. Ndiyo maana siombi mniamini. Bwana Mifugo yuko hapa, na mkono wake unaweza kujua kilichomo tumboni. Wale wanne wako umbali wa dakika tano kutoka tulipoketi. Naomba, kabla Mzee Ngosha hajavishwa blanketi la kuagwa, Bwana Mifugo awapime mbele yetu sote. Wakiwa na mimba, naiomba kamati iichane ripoti yangu na imwachie Mzee banda lake na miti aliyoiomba. Wasipokuwa nayo, nimekosea mara ya pili, na safari hii kosa liandikwe kwa jina langu.

Mzee Ngosha, nisamehe. Nanyi nyote nawashukuru kwa kunivumilia mpaka mwisho. Viatu nimekwisha kuvivua. Naomba tusimame, twende.