Mwalimu Aliyeukataa Mng'aro

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake wa mwisho, nimetumwa na familia kuwaeleza safari ya dada yetu kwa maneno machache, ingawa yeye angewaambia kwamba maneno yangu hayajawahi kuwa machache.

Dada alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na karakana ya baba yetu seremala, akaanza shule ya msingi mwaka 1969, sekondari mwaka 1976, na mwaka 1984 akahitimu chuo cha usanifu, ambako alibaki kufundisha utengenezaji wa samani hadi alipostaafu.

Tarehe 5 Septemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa vanishi asiye na mpinzani, na mwaka 1990 wakajaliwa binti, wakamtengenezea kitanda, dada akakichonga, shemeji akakipiga vanishi tabaka tano, na mtoto akakohoa kwa mvuke wake hadi kitanda kikatolewa nje. Dada alilia, kisha akakasirika, na hasira ile ndiyo iliyotupatia mwalimu mnayemlilia leo.

Tangu hapo, darasani kwake mwanafunzi alichagua rangi au vanishi, lakini wa kuipaka alikuwa mwenzake, na kabla ya kumkabidhi brashi, aliyechagua alimsomea maonyo ya kwenye kopo, kwa sauti, akimtazama usoni. Wengi walifika mstari wa pili wakafunika kopo, wakaenda kutafuta nta ya nyuki au rangi ya maji. Walimwita Mama Kopo, naye alilipenda jina hilo kuliko vyeti vyake vyote.

Mwaka 2021 madaktari waligundua kuwa mapafu yake yalikuwa yameharibika kwa mvuke wa vanishi na vumbi la ujana wake karakanani, wakamkataza kuingia hata karakana ya chuo, basi mwaka wake wa mwisho kazini akafundishia mlangoni, juu ya kiti, na kelele zake zikafika kila kona. Alipolazwa, alimwomba shemeji jambo moja tu, aachane na vanishi ile kabla haijammaliza na yeye, na shemeji, mbishi kama tunavyomjua, akamjibu kwamba wataongea akipona. Hakupona. Alifariki tarehe 18 Agosti 2024, asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupokelea wageni wetu, walimu wenzake, na wanafunzi wake mliojaa hadi barabarani.

Dada, uliondoka bila jibu, acha nikupe. Jeneza lako amelipaka shemeji mwenyewe, kwa nta, na vanishi amesema hataigusa tena. Pumzika kwa amani.