Namba ya Kompyuta Iliyokufa

Wapendwa, nimeandika kwenye karatasi, kwa sababu nikiongea bila karatasi nitatukana, na leo nimekuja kufurahi. Mchungaji kasema tusitaje majina. Anisamehe. Mimi namtaja: Fundi Zakayo.

Duka langu la kuchapa pale Chimwaga, jirani na chuo, mnalijua. Shule niliishia darasa la nne, ila kuchapa nakuweza. Kompyuta yangu ya kwanza ilipokufa, Zakayo akaniambia nisitupe stika yake, ile yenye namba ya kufungulia programu. Nikanunua nyingine tatu za mtumba, akaingiza namba ile ile kwenye zote. Nikamuuliza kama huo si wizi. Akacheka.

"Mama, si ulishainunua? Ni mali yako."

Ndugu zangu, nawaambia, nilimwamini. Msimu wa wanafunzi kukusanya tasnifu zao, mashine zote zikagoma: leseni si halali. Wanafunzi wakachomoa flashi zao, wakahamia kwa jirani. Zakayo simu hapatikani. Mwenye nyumba akaanza kuniuliza chumba nakiachia lini.

Baada ya wiki tatu Zakayo huyo hapo, na namba nyingine, ya kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutupwa. Nusura nimpishe aketi kwenye mashine. Moyo ukakataa. Nikamwambia asubiri, nikaenda kwa dada mmoja wa chuoni, mtaalamu wa kompyuta, mteja wangu. Akaniambia zipo leseni zinazohamishika, lakini ya kwangu imefungamana na mashine iliyokuja nayo, haihamii nyingine. Nikamwambia sijaelewa. Akaniuliza, "Mama, kwenu Chemba ng'ombe akifa, hereni yake ya sikioni, ile yenye namba, unamvika mwingine umpeleke mnadani?"

Hee! Kaka zangu ni wafugaji. Jibu nilikuwa nalo siku zote.

Nikarudi nikamwambia Zakayo aondoke na namba yake. Yule dada akaniwekea programu za bure, za halali, hazidai namba yoyote. Jioni ile nikachapa ukurasa wa kwanza, nikacheza peke yangu dukani. Leo foleni yangu inafika kwa muuza chipsi.

Dada, asante. Na nyie mlioniletea unga wiki zile, Mungu awakumbuke. Ninachowaachia ni hiki: usione aibu kuuliza, hata kama hukusoma. Mimi aibu ndiyo iliyoniponza kabla ya Zakayo.

Zakayo, nimekuona hapo benchi la nyuma. Uchungu bado ninao, sikufichi. Ila printa yangu inameza karatasi, na mikono yako ni mizuri. Kesho njoo uitengeneze. Namba zako ziache nyumbani.