Daktari Vaimoana na Kidole Tumbo Kilichopanda Juu

Wasikilizaji wapendwa, popote mlipo, sogeeni karibu. Juzi hapa Nuku'alofa, mji mkuu wetu wa Tonga, tulimzika Daktari Vaimoana Fihaki. Saratani imemchukua. Alikuwa daktari wa kusoma picha za ndani ya mwili. Ndiyo, wa kusoma picha.

Kazi hiyo iliwachekesha ndugu zake. Shangazi yake, Mama Kalolaine, hakumwacha apumzike.

"Hushiki mgonjwa, hupasui, hudungi sindano. Wewe ni daktari au mpiga picha wa harusi?"

"Vyote viwili, Shangazi. Ila wangu hawatabasamu."

Sasa sikilizeni. Mwaka mmoja shangazi huyohuyo alishikwa na tumbo. Maumivu yalikuwa juu, upande wa kulia, chini ya mbavu. Daktari wa upasuaji, Siaosi, alimbonyeza akasema ni mawe kwenye nyongo. Apewe dawa, asubiri. Shangazi akafurahi.

"Ni ile lu ya kondoo ya Jumapili, nyama iliyofungwa kwenye majani na tui. Mafuta tu. Nirudisheni nyumbani."

Vaimoana hakutulia. Homa ilikuwa inapanda, na shangazi alikuwa amejikunja kama kamba wa baharini. Akataka apigwe picha kwa siti skani, ile mashine inayouonyesha mwili kipande kwa kipande. Shangazi akakataa. Nanyi mnajua, shangazi wa upande wa baba hapingwi. Akisema hapana, hata kaka yake hunyamaza.

Vaimoana akaketi sakafuni kando ya kitanda, kichwa chini.

"Shangazi, tangu nizaliwe sijakukatalia neno. Leo nakukatalia."

Mama Kalolaine akamgeukia. "Umeanza kiburi."

"Nimeanza. Nikikosea, nitengwe."

"Haya, nipelekeni huko kwenye pipa lenu. Nikitoka humo mzima, utanitambua."

Picha zikatoka. Vaimoana akazipitia moja baada ya nyingine. Nyongo ilikuwa safi. Kidole tumbo, ambacho kwa wengi hukaa chini kulia, hakikuwa mahali pake. Akakifuata nyuma ya utumbo, juu, juu zaidi, hadi akakikuta kimejificha chini ya ini. Kimevimba, kinakaribia kupasuka. Akamwita Siaosi.

"Kidole tumbo? Huko juu?" Siaosi akainama kwenye kioo. Kisha akasema, "Ningemrudisha nyumbani."

"Twende tukamwandae," Vaimoana akajibu. Hakumkumbusha kosa hilo maishani mwake. Siaosi mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

Shangazi akapasuliwa siku ileile, akapona. Na kuanzia hapo, daktari kijana akikuta maumivu yasiyoeleweka, alijua mlango wa kubisha. Vaimoana alikuwa akiwaambia, "Mgonjwa hajasoma kitabu chako."

Mazishini, Mama Kalolaine, sasa ana miaka themanini na minne, aliketi kichwani kwa marehemu, mahali pa heshima ya shangazi. Nilimsogelea kumpa pole.

"Mimi ndiye niliyepaswa kulala hapa," akaniambia. "Mtoto yule alinipa miaka, mwenyewe akaondoka."

Kwa mumewe Fe'ao, kwa watoto, kwa Mama Kalolaine: poleni sana. Redio hii inalia nanyi.

Nasi tuliobaki tujiulize. Nyumbani kwako yuko mkubwa anayeugulia kimya na kusema ni mafuta tu. Unamheshimu mno hata huwezi kumkatalia. Mkatalie leo.