Kidevu cha Hildegardi

Kijiwe chetu ni gogo moja la mninga, limechongwa bapa upande wa juu na kuegeshwa kwenye ukuta wa chumba cha Izidori kinyozi, hapa Mbinga, pale barabara inapokunja kushuka ziwani. Malori ya samaki hupunguza mwendo hapo, kwa hiyo habari za Ngumbo, huko ziwani, zinatufikia zikiwa bado mbichi. Kahawa napika mimi, ndiyo maana wananiita Birika. Watu wa huku tunalima kahawa mlima mzima, halafu nyumbani tunakunywa uji. Aliyetufundisha kuinywa ni Placidi, aliyerudi kutoka vita vya Burma na koti la jeshi, birika la bati na amri nyingi. Tunamwita Keya, kama walivyoitwa askari wote wa Mwingereza. Amri yake ya kwanza kijiweni ilikuwa hii: anakaa mwenye ndevu. Aliiweka ili kuwafukuza vijana na wanawake, na iliwafukuza kweli, mpaka msimu ule Hildegardi alipofiwa na mumewe. Mama huyo alikuja na kikapu cha kahawa kichwani, akaambiwa amri, akatua kikapu, akainua kidevu juani. Ndevu zilikuwapo. Si nyingi, lakini nyeusi, ngumu, zimejikunja. Keya alizitazama muda mrefu, kisha akasema, "Kaa, mzee." Tangu siku hiyo ni Mzee Hildegardi, na kwa maneno hakuna anayemfikia hapa.

Wiki ninayoisema, chama cha wakulima kilikuwa kikutane Jumamosi kuamua mashine ya kumenyea kahawa ijengwe wapi: juu karibu na ofisi, au chini mtoni. Sisi wa kijiweni tulishakubaliana Hildegardi ndiye atakayetusemea. Yeye anataka mtoni, maana maji yako huko, na wanaopandisha mizigo mlimani ni wanawake. Mke wangu ni mmoja wao. Basi nilikuwa nimetulia zangu, napuliza moto, Izidori anampaka sabuni abiria mmoja wa lori aliyeteremka na ndevu mpaka kifuani, ndipo Pankras akatokea anahema. Huyu tunamwita Redio.

Redio: Birika, mimina kwanza. Nimeona jambo.

Mimi: Juzi uliona mamba amevaa saa.

Redio: Hilo la juzi niliambiwa. Hili nimeliona mwenyewe. Nimepeleka mayai kwa yule Mzungu, Bwana Shamba. Barazani kwake, mke wake amemlaza Mzee Hildegardi kwenye kiti kirefu, anamchoma sindano kidevuni. Sindano ina waya. Waya unaingia kwenye sanduku.

Keya: Sanduku la nini?

Redio: Betri. Mpishi wao kaniambia huyo mama kwao Ulaya ndiyo ilikuwa kazi yake kabla ya kuolewa. Anaua ndevu kwa umeme. Zikishakufa hazioti tena mpaka mtu anazikwa.

Izidori aliacha brashi hewani. Povu likamdondokea abiria puani, naye kwa adabu akalifuta mwenyewe.

Izidori: Hazioti tena kabisa?

Redio: Kabisa. Wembe wako utabaki wa kukatia kucha.

Izidori: Haiwezekani. Mimi nimenyoa Mbinga nzima, nazijua ndevu. Ndevu zina mzizi mmoja tu, uko hapa kwenye koo, zinatawanyika kama viazi. Ukiugusa ule mzizi kwa umeme, zinaondoka zote na kope juu yake.

Keya: Wewe unazijua kwa nje. Mimi nimeona umeme wenyewe. Burma radi ilimpiga nyumbu wetu wa mizigo. Hakufa. Alisimama, akajikung'uta, manyoya yote yakabaki chini kama mkeka. Tulimvalisha blanketi mpaka vita vikaisha.

Redio: Umeona? Na huyo alipigwa mara moja tu. Hildegardi anachomwa udevu mmoja mmoja. Umeme wote ule unakwenda wapi?

Izidori: Unabaki mwilini.

Redio: Unabaki. Sasa mtu akimpa mkono?

Kila mtu akawa anakumbuka alimpa mkono lini. Keya aliuangalia wake, akaufuta kwenye koti.

Mimi: Jamani, kama unaambukiza, mke wa Bwana Shamba angekuwa hana hata nyusi.

Redio: Anavaa viatu vya mpira.

Nami nikiri, sikuwa na hofu, nilikuwa na ile raha ya jambo jipya. Niliongeza kuni bila sababu.

Izidori: Subirini. Kama umeme unaua mzizi wa udevu, mzizi wa jani je?

Redio: Jani gani?

Izidori: Magugu. Shambani.

Keya aliweka kikombe chini taratibu. Sijawahi kuona macho yake yakiwaka vile.

Keya: Tunatandaza waya kwenye ngolo, mashimo yetu yote ya kulimia. Kila shimo waya wake. Asubuhi unawasha, jioni unazima. Hakuna kufyeka, hakuna kufukia majani. Jembe tunamwachia Redio alipige kama kengele.

Redio: Na mahindi?

Keya: Mahindi tutayavalisha mpira.

Izidori: Tuliazime sanduku Jumapili, Mzungu akiwa kanisani.

Redio: Tuanze na shamba langu, liko karibu na barabara, watu waone.

Izidori: Lako lina mawe. Tuanze na langu.

Waligombania mashamba mpaka kahawa ikachemka ikamwagika. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshachagua kona ya kuanzia kwangu. Keya ndiye aliyeturudisha chini, na nilitamani asingefanya hivyo.

Keya: Lakini kuna jambo. Anakaa mwenye ndevu. Amri ni amri. Hildegardi akija bila ndevu, gogoni hakai. Na asiyekaa gogoni hatusemei. Jumamosi nitasema mimi.

Mimi: Utasema mashine iende wapi?

Keya: Nitaangalia.

Keya anakaa juu, nyuma ya ofisi. Nilikasirika. Nilitaka kusema neno, nikatazama birika lake la bati ninalopikia kila siku, nikameza. Na kabla sijapata ujasiri, Hildegardi mwenyewe akatokea upande wa sokoni, amefunga kitambaa kuanzia kidevuni mpaka utosini.

Keya: Jino, Mzee?

Hildegardi: Wewe, Redio ameshafika hapa, halafu unaniuliza jino?

Akafungua kitambaa akabaki amesimama. Upande wa kulia kidevu kilikuwa kimevimba kidogo, chekundu, kina vidoa kama vya kuumwa na siafu, na hakikuwa na udevu hata mmoja. Upande wa kushoto zilikuwa zote, kama tulivyozizoea.

Redio: Usimguse mtu.

Hildegardi: Nani kakwambia nataka kukugusa?

Izidori: Tueleze, mama. Radi inaingiaje?

Hildegardi: Hakuna radi. Unapewa kitambaa kimelowa maji ya chumvi, unakishika mkononi. Kina waya. Waya mwingine uko kwenye sindano, nayo ni nyembamba kama udevu wenyewe. Anaiteremsha kwenye tundu lile lile udevu unapotokea. Hatoboi ngozi, anafuata njia iliyopo. Akifika kwenye mzizi, anawasha.

Keya: Unaungua.

Hildegardi: Unawasha kama upupu. Nilimuuliza ni moto? Akasema hapana. Mwilini mna maji na chumvi. Umeme kidogo ukipita, pale penye sindano yanageuka kuwa makali, kama yale maji ya majivu tunayochemshia sabuni. Mnajua yanavyokula ngozi ya mkono. Basi kule chini yanakula mzizi, na pale mzizi unapopata chakula chake. Unaona kipovu kinatoka. Halafu anashika udevu kwa kibanio, hata havuti, unateleza wenyewe.

Tukaangaliana. Maji ya majivu. Nyumba gani hapa haina chungu chake? Nilisikia shamba langu la umeme likinitoka kichwani, na ajabu ni kwamba sikulisikitikia. Hili la kweli lilikuwa tamu zaidi.

Izidori: Kwa hiyo kila udevu una mzizi wake.

Hildegardi: Kila mmoja. Ndiyo maana kazi ni ndefu. Na hata hizi alizotoa, nyingine zitakuja, maana kuna zilizolala ndani, hazijaota. Zikitokeza ananiita tena. Msimu wa kahawa utaisha ndiyo kidevu kiwe safi.

Redio: Na kwa nini ujitese hivyo? Si ungeziacha?

Hildegardi alikuwa anakunja kitambaa, anakikunjua.

Hildegardi: Kila jioni nang'oa kadhaa kwa kibanio cha marehemu. Zinarudi zimejipinda ndani ya ngozi, panatunga usaha. Nikienda kanisani natazama sakafu. Mjukuu wangu Walburga akitaka kunishika uso, namshika mkono kabla haujafika. Nimechoka. Na nilijua mtaniambia nini hapa. Nimezunguka soko lote nikitafuta ujasiri wa kuja.

Keya alikohoa. Sidhani alifurahi, lakini mtu wa amri akishaitamka mbele za watu hawezi kuirudisha tumboni.

Keya: Mzee Hildegardi, hatukuchukii. Ila uliijua amri ulipokuja. Ulikaa hapa kwa ndevu. Upande wa kushoto bado zipo, hilo naliona. Leo kaa. Siku ndevu zikiisha, utatusalimia ukiwa unapita.

Hildegardi: Na Jumamosi?

Keya: Jumamosi nimejitolea mimi.

Hildegardi: Kwa kiti cha nusu sikai. Nikae nikihesabiwa ndevu?

Akaanza kufunga kitambaa tena. Redio akatazama barabara. Mimi nikasema, "Keya, hii si haki," lakini nililisema ndani ya kikombe, sidhani lilifika. Hildegardi alikuwa ameshageuka aende zake.

Ndipo yule abiria akaongea. Tulikuwa tumemsahau kwenye kiti cha Izidori. Jina lake Antoni, mvuvi wa Ngumbo, amekuja kuchumbia, na wakwe wamemtaka aje na uso unaoonekana. Izidori alikuwa amemaliza shavu la kulia, limetakata, na la kushoto bado limeshikilia msitu wake wote, na povu.

Antoni: Shikamooni tena, wazee. Shikamoo mama. Samahani kuingilia. Mimi niliomba kahawa baada ya kunyolewa, lori linaondoka mchana. Sasa sijaelewa. Nikimaliza kunyolewa nitakaa hapo na ninyi, au niuache huu upande?

Hakuuliza kwa ujanja, uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kujua tu, asije akavunja desturi ya watu.

Izidori alitazama wembe wake, kisha kidevu cha Keya, alichokinyoa mwenyewe asubuhi ile kabla hata sijawasha moto. Redio akajishika taya lake, laini kama yai. Nami mkono wangu ulikuwa umeshafika kidevuni kwangu, na hapakuwa na kitu. Gogo zima, mwenye ndevu alikuwa mmoja tu, naye amesimama njiani na kitambaa mkononi.

Keya akakusanya mikia ya koti lake la jeshi akasogea mpaka mwisho kabisa wa gogo, pale penye fundo ambapo hapendi kukaa mtu yeyote. Ilibaki nafasi ya watu wawili.

Hildegardi akarudi akaketi, kidevu wazi, upande mwekundu ukielekea kwa Keya.

"Njoo na wewe ukimaliza, mwanangu," akamwambia Antoni. "Mnyoe huyo, Izidori, wakwe wanangoja."

Halafu akaninyooshea kikombe.

"Birika, mimina. Kuna mashine ya kuzungumza."