Mama Taratibu na Mapishi Yake ya Mwisho

Baada ya miaka ishirini na sita katika maabara yetu ya vimeng'enya, Mama Taratibu anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Nimeombwa niandike haya katika jarida letu, mimi mbeba barafu wa maabara, kwa kuwa ndimi niliyempokea mlangoni kila asubuhi. Shule yangu ni fupi, hivyo nasema niliyoyaona.

Alitunza kimeng'enya kimoja cha mwili wa binadamu, kile kinachokaa kwenye utando wa seli na kuiamuru ikue. Kikizidisha amri, huleta saratani. Hapa kwetu hupikwa ndani ya seli za wadudu, kisha watafiti hukijaribia dawa. Hakuna kitindamimba anayedeka kama hicho: ukikitikisa kinakufa, ukikiyeyusha mara mbili kinakufa. Ndiyo maana kila pishi aliligawa katika vichupa vya kutumia mara moja, na aliyetikisa kimoja kama dawa ya kikohozi aliambiwa, "Taratibu, mwanangu, hapa hatutengenezi siagi." Jina likamganda.

Mkuu wa idara aliwahi kuficha soda yake kwenye friza la nyuzi themanini chini ya sifuri. Ikapasuka. Mama alimpa glavu na kikwangulio, akamshikia tochi, wala hakumsema kwa mtu. Tulijua kwa sababu mkuu mwenyewe alikuja kunywa chai akiwa na barafu kwenye ndevu.

Mimi niliyeacha watoto mbali, aliniuliza kila siku kabla ya salamu nyingine, "Wanao wameamka salama?" Mdogo wake alipofariki kwa saratani, hakutuhubiria. Aliomba tu zamu ya kupika.

Mwaka huu mapishi mawili yalitoka maiti, hatujui kwa nini. La tatu amelipika yeye, la mwisho, na majibu yalikuwa yatoke akishaondoka. Hilo lilimnyima raha. Alifikia kuniuliza mimi, kana kwamba barafu husema.

Mama, mkuu amesimamisha uchapaji ili niongeze haya, nawe unayasoma hapa kwa mara ya kwanza. Kipimo kimesomwa leo. Kichupa kimoja kimeyeyushwa, na kimeng'enya kiko hai, kinafanya kazi. Wenzake wote kwenye friza wamelala salama.

Asante kwa mikono yako. Friza tutalifunga vizuri. Nenda ukaishi vyema, taratibu.